Gunia Lililoota Ukungu Lisifike Sokoni

Masika yanapoingia, kila mwenye ghala katika visiwa vyetu huijua shida yake. Unyevu hupenya magunia, mahindi na njugu hupata joto, na baada ya siku chache ukungu huota. Aghalabu tumezoea kuupepeta, kuanika tena na kupeleka mashineni. Sisi tunasema kuwa mazoea hayo hayana budi kukomeshwa, na kwamba dhamana ya kuyakomesha haiwahusu akina mama jikoni peke yao, bali na Serikali pia.

Ukungu wa aina hiyo huweza kuzaa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo iligunduliwa baada ya bata mzinga wapatao 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 nchini Kenya, na mwaka 2016 maafa ya namna hiyo yaliwafika ndugu zetu wa Dodoma na Manyara. Vifo vya ghafla hushtua. Lakini yako madhara mengine yasiyopiga kelele, nayo ndiyo tunayoyazungumza leo.

Ndani ya chembe hai za miili yetu mna DNA, uzi unaobeba maagizo ya uhai. Umbo lake ni la ngazi iliyosokotwa kama kamba, na vipago vyake ni herufi nne za kikemia zikaazo mbili mbili: adenini na thaimini, guanini na sitosini. Mtu alapo aflatoksini, ini hujaribu kuigeuza ili itoke mwilini. Katika kugeuzwa huko, sehemu yake huwa kali zaidi, ikajipachika kwenye guanini na kuliharibu umbo la ngazi mahali hapo. Mwili unao mafundi wake, ambao hukikata kipande kilichoharibika na kutia kingine. Lakini chembe ikigawanyika kabla ya ukarabati kwisha, nakala huweza kukosewa: mahali pa guanini pakaandikwa thaimini. Kosa hilo likiangukia katika jeni iitwayo p53, ambayo huzizuia chembe zisizaane ovyo, njia ya saratani ya ini huwa imefunguliwa. Mwenye virusi vya homa ya ini ya aina B yumo katika hatari kubwa zaidi.

Wako watakaosema kuwa wazee wetu walikula na wakaishi. Jawabu letu ni kwamba jeraha hili halionekani siku ya kula. Huchukua miaka, na ugonjwa unapodhihiri hapana tena anayelikumbuka gunia. Wengine watasema kuwa maskini hawezi kutupa chakula. Hoja hiyo tunaiheshimu, na ndiyo sababu ya kutomwachia maskini mzigo huu. Unga ukishasagwa, jicho haliioni sumu, na moto wa jikoni hauimalizi. Mnunuzi hana silaha.

Viwango vya Afrika Mashariki vimeweka ukomo wa mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo moja ya mahindi. Lakini kiwango kilichoandikwa hakimlindi mtu. Kinachomlinda ni kupima. Sehemu kubwa ya nafaka yetu huvuka bahari, na bandari zetu zinahesabika. Hiyo ni nafuu tusiyopaswa kuipoteza. Tunazihimiza idara zinazohusika zipime shehena kabla haijaingia sokoni, iwe imeletwa na meli au na jahazi. Gunia lililokataliwa liteketezwe, lisirudishwe kwa mwenyewe akaliuza kwa bei ya chini au akalisha ng'ombe, kwani sumu hiyo hupita hata katika maziwa. Wakulima na wachuuzi wadogo wasaidiwe kupata maturubai ya kuanikia na maghala makavu, ili sheria isiwe adhabu tupu. Na kila mtoto apate chanjo ya homa ya ini.

Nasi wananchi tusikubali kununua nafaka iliyoota ukungu kwa sababu ya urahisi wake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu, ukishanakiliwa ndani ya chembe za ini, hauna mwashi wa kuujengea ukuta. Uzibwe bandarini.