Fundi wa mionzi aruhusiwe kumpima mgonjwa anayemuona kila siku

Mama mmoja wa Butembo, aliyetibiwa kansa ya mlango wa kizazi nje ya inchi, alinisimulia jambo ambalo bado linanisumbua. Wiki ya tatu ya mionzi alianza kuharisha na kuumia wakati wa kukojoa. Jumanne alimwambia fundi anayemlaza kwenye mashine. Fundi akamsikiliza, akamuonea huruma, akajibu: “Mama, mwambie munganga siku ya Ijumaa.” Ijumaa foleni ilikuwa ndefu, munganga akaitwa kwingine. Mama akabaki siku nne katika chumba cha kupanga, bila kurudi kwenye mashine.

Siku nne si kidogo. Kwa kansa hiyo, mionzi yote inapaswa kumalizika ndani ya wiki nane hivi. Matibabu yakirefuka, ugonjwa unapata nafasi ya kurudi.

Wagonjwa wetu wa Kivu wanavuka mpaka kwenda Kampala ao Kigali kutafuta mashine hiyo. Wengine wameuza shamba. Kila siku inayoongezeka ni kodi na chakula.

Mionzi hutolewa siku tano kwa wiki, mara nyingi kwa wiki tano ao zaidi. Fundi ndiye anayeona ngozi ikianza kuungua. Ndiye anayegundua kwamba mgonjwa amekonda hadi alama zilizochorwa mwilini hazikai tena mahali pake. Munganga wa kansa, kwa kawaida, anamuona mara moja kwa wiki, na waganga hao ni wachache sana. Halafu huyu anayeona yote hana ruhusa hata ya kutoa dawa ya kuharisha!

Kwingine walikwisha kubadili. Jimbo la Ontario, Kanada, lilianza kujaribu kazi hii mwaka 2004. Uingereza, mafundi waliosomea zaidi wanawapima wagonjwa wakati wa matibabu, na tangu 2016 sheria inawaruhusu wenye mafunzo hayo kuandika dawa wao wenyewe.

Waganga watasema fundi si munganga. Ni kweli, na ndiyo sababu yawepo mafunzo na mipaka iliyoandikwa. Ngozi iliyoungua kidogo, vidonda vya mdomo, kuharisha kwa kawaida: ashughulikie. Homa, damu nyingi, mgonjwa asiyeweza kunywa maji: amwite munganga siku ile ile. Na mshahara upande pamoja na kazi, maana tunawajua wauguzi wetu wanaobebeshwa mzigo huku wakingojea prime miezi na miezi.

Wizara ya Afya huko Kinshasa iandike kanuni hiyo sasa, kabla mashine haijafika Goma ao Bukavu.

Nilimuuliza yule mama kwa nini hakwenda moja kwa moja kwa munganga tangu Jumanne. Alisema munganga alizungumza Kiingereza tu. Fundi alijua Kiswahili.