Mstari wa 40 tunaouruka



Leo sina neno tamu. Nina neno linalonigusa mimi kwanza, kisha wewe, na naomba ulisome lote kabla hujaandika "Amina" hapo chini.

Unaijua Marko 12 kuanzia mstari wa 41. Yesu ameketi akitazama sanduku la sadaka, matajiri wanatia nyingi, mjane maskini anatia sarafu mbili, na Bwana anasema huyu ametoa kuliko wote. Nimeisoma mara nyingi sana katika ibada yetu ya mchana pale mjini, na nikimaliza nawaambia watu watie mikono mifukoni. Sasa fungua Biblia yako uangalie mstari wa 40. Hapo Yesu ametoka tu kuwaonya watu juu ya viongozi wa dini wanaokula nyumba za wajane huku wakivuta maombi marefu. Mara mjane anatokea! Na sura ya 13 inapoanza, mwanafunzi mmoja anashangilia mawe ya hekalu, Yesu anamwambia yote yatabomolewa. Ni hekalu lile lile lililopokea sarafu zake.

Wachungaji wengi tunaanzia 41. Mimi nilianzia hapo kwa miaka.

Kuna mama mmoja wa Kawangware, muuza mboga. Alfajiri hushuka Marikiti kununua sukuma na nyanya, na Jumatano hupanda matatu ya 46 kurudi mjini kwa ibada. Jumatano moja nilisimama nikasema Mungu amenionyesha watu kumi, kila mmoja akipanda mbegu ya shilingi 3,000 kabla ya Ijumaa, mlango wake utafunguka. Mpendwa, Mungu hakunionyesha kitu. Kodi ya ukumbi ilikuwa imechelewa, na mwenye jengo alikuwa amenipigia simu asubuhi hiyo.

Yule mama alitoa. Wiki mbili baadaye nilienda kumtembelea nikakuta kibanda kitupu. Alikuwa Lavington akifua nguo za watu, maana zile 3,000 ndizo zilikuwa pesa za kununulia mzigo. Aliporudi jioni hakunilaumu. Alimtuma mtoto dukani alete soda kwa deni, nikaletewa. Nami nikainywa.

Sasa nije kwako. Unakumbuka Novemba 2014, KTN ilipomwanika mhubiri mmoja wa hapa Nairobi? Watu waliambiwa wapande mbegu ya shilingi 310, wakaoshwa miguu kwa maji yaliyogeuka mekundu kama damu, kumbe ni dawa ya pamanganeti. Nchi nzima ilicheka. Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Githu Muigai, alisimamisha usajili wa makanisa mapya. Tulimsema sana yule mhubiri. Lakini ni nani aliyeuliza waliotuma 310 walikuwa wakinunua nini?

Wapo waliotoa kwa uchungu, mtoto mgonjwa, hospitali imeshindwa. Hao siwagusi, na anayewala hao ana kesi na Mungu. Nasema na wewe unayetuma elfu moja ukingoja laki moja. Wewe uliyeniandikia mwezi jana kuuliza mbona ploti ya Ngong bado haijatokea na mbegu ulishapanda. Ndugu yangu, Mungu si sacco iliyochelewesha gawio. Na usiniambie ulidanganywa tu. Mimi nilikuwa na njaa yangu madhabahuni, wewe ulikuwa na yako kwenye kiti, tukakutana katikati tukaiita imani.

Nilimuuliza yule mama alipotoa zile pesa alikuwa akiomba mlango gani. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu. "Mchungaji, mimi sikuomba kitu. Niliona uso wako, nikajua ukumbi una deni."

Yaani alijua! Nilipokuwa nikimuuzia muujiza, yeye alikuwa akinisaidia.

Nimemrudishia pesa zake. Alikataa mara mbili, na mara ya tatu nilimwambia si zawadi, ni deni langu, akazipokea. Sasa kibanda kina nyanya. Wa Kawangware mnajua pa kununua.

Jumatano hii ibada ya mchana ni saa saba kama kawaida. Kikapu kitakaa mlangoni, hakitazungushwa, na hesabu ya kodi ya ukumbi itabandikwa ukutani uione kwa macho yako. Na kama wewe uliwahi kunipa pesa za kodi au karo kwa sababu nilikuahidi muujiza, nione baada ya ibada. Sitakudai risiti. Nitalipa kidogo kidogo.

Mchungaji wako.