Kashata nzima, tairi maiti!

Najua umezoea nikikuletea habari za harusi zilizovunjika na wapangaji wanaochimbana uani. Leo nipishe kidogo, nataka tuzungumzie tairi. Ndiyo, tairi! Tena si la gari, ni la tela la kubebea boti. Usicheke, na usifunue ukurasa. Jambo hili lilinigombanisha na dada yangu wa tumbo moja, na nusura litoe roho ya mtu barabarani.

Ngoja nianze mwanzo. Shemeji yangu, mume wa huyo dada, alistaafu akapata kiinua mgongo chake. Badala ya kufungua baa kama wenzake, akanunua boti ya faiba, futi 20 hivi, pamoja na injini ya hospawa 40. Mpango ulikuwa bomba: boti ikae Pangani, iwe inapeleka wageni Maziwe, lile fungu la mchanga katikati ya bahari ambalo maji yakijaa linamezwa. Wageni wa kwanza walikuwa wameshapatikana na advansi wameshatoa. Safari yao ilikuwa Jumamosi.

Boti yenyewe ilikuwa Kunduchi, imekaa juu ya tela lake, juani, miaka na miaka bila kuguswa. Shemeji akanipigia simu. "Shemeji, wewe mtoto wa mjini, njoo unikagulie kabla sijatoa mshiko."

Nami kwa kupenda ujiko, nikaenda na miwani meusi. Nikazunguka tela mara mbili, nikazipiga teke tairi zote, nikachuchumaa nikatazama kashata. Kwa wasiojua, sisemi zile za karanga. Ni zile tofali za mpira zinazokanyaga lami. Zilikuwa nzima kabisa. Halafu tairi lenyewe jeusi tii, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Nikatoa hukumu: "Shemeji, hizi mpya. Twende zetu."

Msomaji wangu, hapo ndipo nilipochemsha.

Tukaondoka Ijumaa asubuhi, Agosti 2022, tela limefungwa nyuma ya pikapu ya kukodi. Shemeji kwa kubana matumizi akaona ndani ya boti kuna nafasi ya bure. Akapakia mifuko sita ya saruji ya kumalizia banda lake la Pangani. Tangi la boti nalo akalijaza petroli, lita 100, eti kule bei iko juu. Tukapita Bagamoyo, tukatokea Msata, tukashika njia ya Tanga. Dereva alikuwa anatembea 110 na shemeji bado anamwambia, "Kaza mguu, kaka."

Tumeliacha daraja la Wami nyuma, tukasikia PAA! Mimi nilidhani bomu. Pikapu ikayumba, tela likaanza kucheza sindimba huku na huku. Nikageuka nyuma nikaona kitu ambacho mpaka leo nakiota. Kipande kizima cha mpira, kirefu kama mkono wa mtu mzima, kinaruka hewani kuelekea upande wa pili wa barabara. Upande huo ilikuwa inakuja bodaboda, na nyuma yake amekaa mama amempakata mtoto.

Yule kijana wa bodaboda Mungu ampe maisha marefu. Aliteremka porini na pikipiki yake, akasimama kwenye majani, mama na mtoto wakiwa bado wamekaa. Hakuna aliyeumia. Tulipomkimbilia kumwomba radhi, mama yule hakusema neno. Alitutazama tu. Bora angetutukana.

Basi tukakata matawi tukayapanga barabarani, si unajua pembetatu zetu ziko nyumbani. Kimbembe kingine: spana ya pikapu haiingii kwenye nati za tela. Jeki nayo haifiki. Tukaazima kwa dereva wa fuso aliyetuonea huruma. Tukafunga spea ya tela, ambayo kumbe ilikuwa tairi la gari dogo. Tukaendelea, sasa mwendo wa maharusi. Hata Mkata hatujafika, spea nayo ikapasuka. Safari hii tulikuwa taratibu, hivyo haikuruka kitu. Ilikaa chini tu kama ng'ombe aliyechoka.

Tukajikokota kwa rimu, kelele mpaka aibu, hadi kwenye kibanda cha pancha cha pale Mkata. Jua linazama. Kijana mwenye kibanda, dogo tu wa miaka ishirini na kidogo, alikuwa na tairi moja linalong'aa limetundikwa ukutani, saizi yetu ileile. Shemeji akatoa noti. Dogo akakataa.

"Mzee, hili nikikuuzia nitakuwa nimekuua," alisema. "Hili la taksi. Njoo nikuonyeshe."

Akachukua tochi, akainama kwenye lile tairi letu la kwanza lililopasuka, akafuta ubavu wake kwa kitambaa chenye petroli. Ule weusi ukatoka wote! Kumbe muuzaji alipaka rangi ya viatu. Chini ya rangi ubavu umejaa nyufa ndogondogo kama kisigino kisichopakwa mafuta. Akatafuta herufi DOT, akafuata maandishi yake mpaka mwisho. Zikatokea tarakimu nne: 0811.

"Bro, wewe msomi, soma hapo."

Nikazuga najua. Nikashindwa. Akasema, "Mbili za mbele ni wiki, mbili za nyuma ni mwaka. Tairi hili limezaliwa wiki ya 8 ya mwaka 2011." Tukahesabu vidole. Miaka kumi na moja! Nilimnunulisha shemeji marehemu aliyepakwa rangi.

Usiku ule tulilala Mkata, na dogo yule akanifungua macho kuliko shule zote nilizopita. Mengine nimeyathibitisha baadaye mwenyewe. Nakupa bure.

Kwanza, tairi la tela la boti mara nyingi haliishi kashata. Gari lako linakwenda kazini kila siku, kashata zinalika, unaona kipara, unabadilisha. Tela la boti linatoka mara chache kwa mwaka. Siku nyingine zote limesimama palepale, jua linaupiga ubavu, uzito wote umelala sehemu moja, na upepo unapungua kidogokidogo bila mtu kujua. Mpira unakauka na kupasuka ukiwa na kashata zake zote. Kwa hiyo ukitazama kashata ukaridhika, umetazama kitu kisichokusaidia. Tazama siku ya kuzaliwa. Mara nyingi tarakimu hizo zipo upande mmoja tu wa tairi, na kwa nuksi unakuta ni upande wa ndani, basi ingia chini na tochi. Ukikuta namba ya mwisho ina tarakimu tatu badala ya nne, hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, lipeleke makumbusho. Watengenezaji wengi wa matairi ya tela wanashauri yabadilishwe yakifika miaka mitatu hadi mitano, hata kama yanapendeza. Na hata dukani uliza umri, maana tairi linaweza kuzeekea stoo likiwa na karatasi zake.

Pili, uzito. Hapa ndipo spea ilipotuangusha. Ubavuni, baada ya saizi, kuna namba ya uzito. Ile spea ilikuwa na 88, maana yake ni kilo 560 kwa tairi moja. Sasa piga hesabu na mimi: boti na injini kama kilo 700, tela 300, saruji mifuko sita kilo 300, petroli lita 100 ni kama kilo 74. Jumla kilo 1,374. Toa kama sehemu moja ya kumi inayolalia pikapu, kila tairi linabaki na zaidi ya kilo 600. Tairi la kilo 560! Hapo hulaumu mchawi.

Unachotaka ni tairi la mzigo, lile ambalo saizi yake inamalizika kwa herufi C, kama 185R14C, la vigari vya abiria na mizigo. Hilo kwa kawaida lina namba 102/100. Namba ya kwanza ni ya tairi likiwa peke yake, kilo 850; ya pili ni yakifungwa mawili mawili upande mmoja, kilo 800 kila moja. Yetu mawili yangebeba kilo 1,700, tukabaki na akiba. Ukikutana na yale ya kutoka Marekani, saizi inaanza na herufi ST. Hayo yametengenezwa kwa ajili ya tela, usiyafunge kwenye gari lako. Nayo, kama hakuna herufi ya mwendo, kawaida yake ni mwisho kilomita 105 kwa saa. Sisi tulikuwa 110, tairi lina miaka kumi na moja, na saruji juu. Tulitaka nini tena?

Tatu, upepo. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja kila linapozunguka. Kujikunja kunazaa joto, na joto ndilo linaloachanisha mpira na waya zake. Ndiyo maana kipande kikaruka. Pima asubuhi kabla hujatembea, tairi likiwa baridi, na jaza kulingana na maandishi ya ubavuni. Lile la 185R14C lenye plai 8 kikomo chake huwa 65, wakati vijana wa vituoni wamezoea kujaza 30 au 35 kila kinachopita mbele yao. Wewe ndiye wa kusema namba. Ila hakikisha na rimu inaweza kuhimili. Na ukisimama njiani ukakuta upepo umepanda, usiutoe. Ni joto tu.

Nne, badilisha yote mawili. Moja likipasuka, la pili ni pacha wake, limezaliwa naye, limeanikwa naye, na limebeba mzigo wake wakati mwenzake anakufa. Ukiacha zee upande mmoja, umeahirisha kasheshe tu. Yawe saizi moja, namba moja ya uzito, na spea iwe vilevile.

Tano, maji ya chumvi. Tela la boti linaingia baharini, na chumvi inakula rimu na beringi. Ukifika, usilisukume majini papo hapo. Habu ikiwa ya moto ikazamishwa kwenye maji baridi, inayavuta ndani, grisi inaharibika, beringi inakufa. Acha ipoe. Ukitoka baharini, osha tela kwa maji baridi ya bomba. Njiani kila ukisimama gusa habu kwa mkono. Ikikuunguza, ujue kuna tatizo, na joto hilo linapika hata tairi. Na likienda likizo ndefu, linyanyue kwa stendi, tairi zisiguse chini, uzifunike na gunia. Maji ya mvua yaliyojaa ndani ya boti nayo yatoe; lita 200 ni kilo 200, hazionekani kwa mbali lakini tairi linazijua.

Haya, tumalizie hadithi. Dogo alipiga simu kwa jamaa yake Tanga mjini, tukatuma pesa kwa simu, karibu laki nne kwa mawili. Asubuhi matairi yakaja juu ya basi la kwenda Dar, yakashushwa Mkata. Kabla ya kufunga, nikaomba tochi mwenyewe nikainama. 0622. Yalikuwa na miezi sita. Dogo akacheka, akasema, "Sasa bro umekuwa fundi." Saruji tukaipandisha nyuma ya pikapu, tukatembea 80.

Tulifika Pangani Jumamosi alasiri. Wageni walishaondoka. Shemeji akarudisha advansi yote, na dada yangu alikaa wiki tatu bila kupokea simu yangu. Alipopokea hakuuliza pesa. Aliuliza, "Yule mama wa bodaboda, mlimjua jina?" Nikasema hapana. Akakata.

Boti sasa inafanya kazi, wageni wapo. Mimi nikienda Pangani naulizwa kwanza, "Umekagua tairi, mtoto wa mjini?" Na lile zee la 2011, mwenzake aliyebaki mzima, shemeji hakulitupa wala hakuliuza. Amelifunga kwa kamba gatini, boti ikija inalalia pale isigonge ukuta. Kazi hiyo inaliweza.

Basi, msomaji wangu, kama baba, mjomba au bosi wako ana tela limeanikwa uani, wikiendi hii chukua tochi na kitambaa. Futa ubavu, usome. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.