Msalaba Juu ya Maji: Namna ya Kutazama Picha ya Ajabu



Mzazi mmoja, mkristu mwema na mwenye bidii, alitujia na neno lililomsumbua moyoni. Mtoto wake, mwanafunzi wa sekondari, alikuwa amechora Bwana wetu Yesu Kristu msalabani. Lakini msalaba ule haukusimama juu ya kilima cha Golgota: ulikuwa hewani, juu ya ziwa Kivu, na chini yake wavuvi walikuwa wakitengeneza nyavu zao. Baba aliona kwamba ni mzaha juu ya mambo matakatifu, akaipasua karatasi. Mtoto hakujibu neno, ila tangu siku ile hakuchora tena kitu chochote. «Je,» mzazi akatuuliza, «nilitenda vema au vibaya?»

Hatupendi kumhukumu mzazi huyo, maana nia yake ilikuwa kulinda heshima ya msalaba nyumbani mwake. Lakini tunataka kumweleza, pamoja nanyi nyote, habari ya picha moja maarufu inayofanana sana na ile ya mwanawe. Nayo pia ilipasuliwa.

Picha hiyo huitwa Kristu wa Mtakatifu Yohane wa Msalaba. Ni mali ya mji wa Glasgow, katika nchi ya Uskoti, nayo huwekwa katika jumba la sanaa la Kelvingrove. Urefu wake wapita mita mbili. Aliyeichora, mwaka 1951, ni Salvador Dalí, mtu wa Hispania, aliyezaliwa mwaka 1904 katika mji wa Figueres, akafa huko huko mwaka 1989.

Alipokuwa kijana, Dalí alijiunga na wasanii wa Paris walioitwa wasurealisti. Jina hilo la Kifaransa lataja mambo yanayopita yale tunayoyaona kwa macho. Kiongozi wao, André Breton, alitangaza mafundisho yao mwaka 1924. Walisema kwamba akili ya mtu si ile tu inayohesabu na kupanga mambo mchana. Iko pia ile inayosema katika ndoto, na mchoraji aisikilize. Wengi wao walikuwa adui wa Kanisa, wala hatulifichi jambo hilo. Dalí naye katika ujana wake aliwachukiza waamini mara nyingi, na maisha yake yote alipenda sana sifa na fedha. Lakini wenzake walimtenga kabla ya vita kuu ya pili kwisha, naye akaanza kugeukia mambo ya dini. Mwaka 1949 alimwonyesha Baba Mtakatifu Pius XII picha yake ya Bikira Maria wa Port Lligat.

Je, ndoto na dini zapatana? Tusisahau Maandiko Matakatifu. Yakobo aliona ngazi iliyofika mbinguni. Nabii Ezekieli aliona magurudumu yaliyojaa macho. Petro aliona kitu kama nguo kubwa kikishuka toka juu, kimejaa wanyama. Kama mtu angechora mambo hayo sawasawa na yalivyoandikwa, tungesema amechora ajabu. Lakini hatungeweza kusema amechora uwongo.

Sasa tuitazame ile picha ya Glasgow. Juu ni giza tupu. Ndani ya giza hilo msalaba umeinama kuelekea chini, nasi twamwona Bwana toka juu: kichwa chake, mabega yake, mikono yake iliyonyoshwa. Uso wake hatuuoni, kwani ameinamisha kichwa. Hakuna taji la miiba, wala misumari, wala tone la damu. Chini kabisa kuna mawingu, nuru, na maji matulivu ya ghuba ya Port Lligat, mahali Dalí alipokaa. Kuna mtumbwi na wavuvi kando yake.

Mtu aonaye kwa mara ya kwanza hushtuka. Lakini aulize kwanza: mambo haya yametoka wapi? Katika karne ya 16, kati ya mwaka 1574 na 1577, Mtakatifu Yohane wa Msalaba, padri Mkarmeli, aliona katika sala Kristu msulubiwa, akamchora kwa wino juu ya karatasi ndogo kuliko kiganja cha mkono. Karatasi hiyo yatunzwa hata leo katika monasteri ya Encarnación, mjini Ávila. Na ajabu yake ndiyo hii: mtakatifu naye hakumchora Bwana kama aonekanavyo na mtu aliyesimama chini ya msalaba, bali kama aonekanavyo toka juu, kwa upande. Basi jambo lililoonekana kuwa kichaa cha msanii wa siku zetu lilitoka katika sala ya mtakatifu ambaye Kanisa lilimtangaza kuwa Mwalimu wake mwaka 1926.

Nani amtazamaye Kristu msalabani toka juu? Ni Baba wa mbinguni. Mchoraji ametupandisha mahali tusipopajua, ili tumwone Mwana kama Baba amwonavyo, na nyuma yake tuuone ulimwengu anaoufia: si majumba ya wafalme, bali maji na wavuvi walio kazini, kama wale aliowaita kando ya ziwa la Galilaya. Tena, mikono iliyonyoshwa na mwili hufanya umbo la pembe tatu, na kichwa ni kama duara ndani yake. Wakristu wengi wameona humo alama ya Utatu Mtakatifu.

Wanafunzi wapendao kuchora wasidhani kwamba kazi ya namna hii hufanyika kwa kuota tu. Dalí alisema kwamba aliota ndoto mwaka 1950. Lakini baada ya ndoto alipima pembe tatu na duara, akachora michoro mingi ya kujaribia. Tena, huko Marekani, Russell Saunders, mtu shujaa wa kazi za hatari katika sinema, alitundikwa toka juu ili mchoraji aone jinsi uzito unavyovuta mishipa ya mabega. Ndiyo sababu mwili ule ni mwili kweli, na mtumbwi ule ni mtumbwi kweli. Kila kitu kimechorwa kwa usahihi; ni mpango wake tu unaopita desturi. Asiyejua kuchora mtumbwi wa kawaida asikimbilie kuutundika mawinguni. Na kila jambo la ajabu atakaloliweka katika picha, awe tayari kueleza kwa nini ameliweka.

Mfano mwingine uko mjini Bruxelles, katika Ubelgiji: ni Kishawishi cha Mtakatifu Antoni, aliyoichora Dalí mwaka 1946. Farasi na tembo wakubwa wanamjia mtakatifu jangwani, wamebeba mgongoni mambo yanayovuta tamaa za watu. Lakini miguu yao ni mirefu na myembamba kama ya buibui. Mtakatifu, mdogo, amepiga magoti, ameinua msalaba wa miti miwili. Nani asiyefahamu? Kishawishi huonekana kikubwa kama mlima, lakini miguu yake ni dhaifu.

Turudi Glasgow. Mwaka 1952 mkuu wa majumba ya sanaa ya mji, Tom Honeyman, aliinunua picha ya Kristu kwa pauni 8,200. Watu wengi walinung'unika. Wanafunzi wa sanaa walisema kwamba fedha hizo zingewafaa wachoraji wa mji wao wenyewe. Kisha, mwaka 1961, mtu mmoja aliyeingia kuitazama aliishambulia kwa jiwe, akaipasua. Mafundi wakaitengeneza kwa saburi, nayo ikarudishwa mbele ya watu.

Yuko atakayesema: «Hata hivyo, Kristu asiye na madonda si Kristu wa Injili.» Neno hilo si la kipumbavu. Bwana alipofufuka aliyachukua madonda yake pamoja naye, akamwonyesha Tomaso. Hata Mtakatifu Yohane, katika karatasi yake ndogo, alichora misumari. Dalí alieleza kwamba alitaka kuonyesha uzuri wa Kristu kwa kuwa ni Mungu. Sisi twaona kwamba alisema ukweli, lakini hakuusema wote. Wala hakuna picha moja iwezayo kuusema wote. Ndiyo maana katika makanisa yetu tunatunza msalaba wenye misumari na damu. Na mtu akitazama picha ya Dalí, autazame na ule msalaba pia.

Tukumbuke vilevile fundisho la Mtaguso wa pili wa Nikea, wa mwaka 787: heshima tunayoitolea picha humwendea yeye aliyechorwa. Basi mbele ya picha yoyote ya dini tujiulize maneno matatu. La kwanza: naona nini hasa, kabla ya kukasirika au kusifu? La pili: jambo hili limetoka wapi, katika Maandiko, katika sala, au katika majivuno ya mchoraji? La tatu: lanipeleka wapi, kwa Mungu au mbali naye? Mtu asiyejiuliza maneno hayo aweza kuipasua picha iliyozaliwa katika sala. Aweza vilevile kuisifu picha isiyo na kitu ndani yake.

Na kwako wewe, baba mpendwa, jibu letu ni hili. Ulikuwa na haki ya kuuliza, lakini ulijibu kabla ya kuuliza. Mwite mwanao jioni moja, mbele ya mama yake. Mwambie bila kuona haya kwamba ulipasua upesi mno. Mzazi akikiri kosa lake, heshima yake haipungui. Kisha mpe karatasi nyingine, na mwulize: «Kwa nini uliuweka msalaba juu ya ziwa letu?» Labda atakuambia kwamba hakujua pa kuuweka. Hapo utamfundisha. Lakini labda atakuambia kwamba aliwaona wavuvi wakirudi asubuhi mikono mitupu, akataka wajue kwamba Bwana yu juu yao anawaangalia. Hapo atakufundisha yeye.