CHIMWAGA: MLANGO WA VIGOGO, KITUO CHA WALALAHOI

Tusidanganyane. Wewe kijana uliyetoka Busi, ukichaguliwa Chuo Kikuu cha Dodoma, baba anauza mbuzi, mama anakufungia lile begi la "shangazi kaja", unakwenda Kondoa, unashuka na lami hadi Dodoma mjini. Umefika? Thubutu! Chimwaga iko kama kilomita nane kutoka katikati ya mji, na eneo la chuo linakaribia hekta 6,000. Ukishushwa kituo siyo, utaijua Dodoma na jua lake.

Chimwaga ilikuwa ukumbi wa mikutano wa CCM. Humo ndimo walimomteua Benjamin Mkapa kugombea urais mwaka 1995. Sasa jiulize: kigogo wa mkutano ana shida gani na kituo cha daladala? Shangingi linamshusha mlangoni, linamsubiri, linamrudisha. Mwaka 2007 pakaanzishwa chuo, kwa mpango wa kufikisha wanafunzi 40,000. Wenye mashangingi wakatoka, wakaingia watoto wa walalahoi.

Wala hili si geni. Chuo cha Dar es Salaam nacho kilianza katika jengo la chama, jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, mwaka 1961. (Sijui hawa wakubwa na majengo ya chama wana nini!) Pale Lumumba mwanafunzi alitoka darasani akaenda Kariakoo kwa miguu. Mwaka 1964 chuo kikapandishwa Mlimani, kama kilomita 13 kutoka mjini, na kuanzia hapo bila basi hakuna mji. Kampuni ya mabasi ya DMT ikataifishwa mwaka 1970, mwaka 1974 ikazaliwa UDA. UDA ikaelemewa. Watu wakaning'inia milangoni, magari ya watu binafsi yakabeba abiria kwa kujificha, polisi wakiyawinda, mpaka serikali ilipoyaruhusu mwaka 1983. Nauli shilingi tano, yaani "dala", ndiyo iliyotupa jina daladala.

Miaka 19, basi, tangu chuo kipande mlima hadi serikali ikubali kwamba basi lake halitoshi! Na walioichora Chimwaga walilijua hilo lote.

Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kuleta abiria Dodoma kutoka Dar. Safi sana. Lakini toka stesheni hadi bwenini je?

Mimi niliishia kidato cha nne, chuo nakijua kwa kumsindikiza binamu yangu. Tulifika usiku, bodaboda wa kwanza akataja bei ya mbuzi mzima. Tukatembea, begi tukipokezana kichwani.

Nenda pale ukahesabu mwenyewe taa, mabenchi na vivuli. Na mgombea akija kijiweni kwenu na kanga zake, muulize gari la mwisho kutoka kila ndaki linaondoka saa ngapi, na nauli yake ni shilingi ngapi.