Msimfanye Mtoto wa Chechelesi Mnunuzi wa Insha

Kabla ya ChatGPT, mashine ya akili unde inayoandika, kutolewa Novemba 2022, Kenya ilikuwa na biashara ambayo hatukupenda kuitaja mbele ya wageni. Vijana wetu wengi, baadhi yao wenye digrii lakini bila kazi, walikesha wakiwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha za chuo. Yule wa ng'ambo alilipa, akawasilisha, akapewa alama. Huyu wetu alichimba mambo ya uuguzi, sheria na historia ambayo hakuwahi kufundishwa, akayaelewa, akayaandika. Kati ya hao wawili, aliyeelimika ni nani?

Mashine imekuja na kuivuruga biashara hiyo, na sasa tunamgeuza mtoto wetu wenyewe kuwa mnunuzi. Hapa Chechelesi, Isiolo, swali la kazi ya ziada hupigwa picha kwa simu ya mama, jibu hurudi papo hapo, mtoto akalinakili daftarini neno kwa neno. Mwalimu anatia vema. Mzazi anafurahi. Mtoto hajajifunza hata sentensi moja!

Asiniambie mtu kwamba nazua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walifanya jaribio la hisabati nchini Uturuki kwa wanafunzi wa sekondari wapatao 1,000. Waliopewa GPT-4 bila masharti walifanya mazoezi vizuri zaidi kwa asilimia 48. Walipoketi mtihani bila mashine, walifanya vibaya zaidi kwa asilimia 17 kuliko wenzao ambao hawakuwahi kuigusa. Kundi jingine lilipewa mashine iliyoelekezwa na walimu itoe vidokezo, isitoe jibu, na kundi hilo halikupata hasara hiyo. Simu ya mama haikuelekezwa na mwalimu yeyote.

Na hasara hii humwumiza zaidi mtoto wa hapa. Nyumbani anaongea Kiborana, Kiturkana, Kisomali au Kimeru. Kiswahili na Kiingereza anavipata kwa kuviandika vibaya kwanza, akasahihishwa, akaandika tena. Makosa hayo ndiyo masomo yenyewe. Insha laini ya mashine inamnyima mtoto kosa lake na inamnyima mwalimu pa kuanzia. Wanaosema tunamwacha mtoto wa Isiolo nyuma tukimzuilia mashine wanapotoka: anayejua kuandika na kufikiri atajifunza kuitumia kwa muda mfupi, lakini aliyezoea kuandikiwa atajifunza lini kuandika?

Baraza la Mitihani nalo lijibu. Alama 20 kati ya 100 zinazoamua mtoto ataingia sekondari gani ya juu hutoka kwenye tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8. Tulipoogopa mwakenya, yaani karatasi ya kuibia mtihani, tulimpekua mtoto hadi soksini mlangoni mwa chumba cha mtihani. Leo mwakenya umo mfukoni mwa mzazi, na sisi ndio tunaoulipia bando.

Nadai hivi: kila insha na kila ripoti ya mradi inayohesabiwa iandikwe darasani, kwa kalamu, mwalimu akiwapo, kisha mtoto asimame aieleze kwa mdomo wake. Najua madarasa yamefurika na mwalimu amechoka. Basi serikali iajiri walimu. Ilizindua Mkakati wa Taifa wa Akili Unde Machi 2025, wa kutufikisha 2030; mkakati huo hautakuwa na maana yoyote Chechelesi ikiwa mwalimu mmoja ataendelea kusahihisha rundo la madaftari ambayo hakuna mtoto aliyeyafikiria.

Na wewe mzazi, usingoje Nairobi. Leo usiku ifunge simu, chukua daftari, mwambie mwanao akueleze alichoandika, kwa lugha yoyote mnayoongea nyumbani. Akishindwa, chana ukurasa huo, mpe kalamu, aanze upya.