Kabla ya kununua vifaranga vya sato, pima joto la maji

Ufugaji wa samaki katika mabwawa ni kazi ambayo mkulima wa Kaisho na vijiji vya jirani anaweza kuifanya pamoja na kahawa na migomba. Mabonde yana maji, udongo wa mfinyanzi unapatikana, na samaki wanaofika sokoni kutoka Ziwa Victoria hufika kwa bei iliyokwisha kubeba nauli na barafu.

Pamoja na hayo, wapo wanaochimba bwawa, wakanunua vifaranga na chakula, na baada ya miezi sita wakavua samaki wa ukubwa wa kiganja cha mtoto. Lawama huenda kwa muuza vifaranga. Mara nyingine anastahili. Lakini mara nyingi aliyewaangusha ni baridi ya maji, jambo ambalo hakuna aliyelipima.

Samaki hana joto lake mwenyewe kama ng'ombe au kuku. Mwili wake hufuata joto la maji. Sato hukua vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi joto 26 na 30. Yakishuka chini ya 20 hula kidogo, hukua polepole mno na huacha kuzaa. Yakifika 16 hivi karibu aache kula kabisa, na yakikaribia 11 hufa.

Vilima vya Karagwe na Kyerwa vinapanda kupita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai kila mtu anaujua. Bwawa linalopokea maji ya chemchemi mchana na usiku haliwezi kuwa na joto la bwawa la Dar es Salaam. Hata jirani zetu wa Rwanda waliliona hilo katika miaka ya 1980, walipofuga sato katika mabwawa ya milimani: kadiri bwawa lilivyokuwa juu zaidi, ndivyo samaki walivyochelewa kukua.

Asidhani mtu kwamba nyuzi mbili tatu ni kitu kidogo. Mwaka 1998 Bahari ya Hindi ilipata joto kupita kawaida yake kwa nyuzi chache tu, na matumbawe ya Mafia na sehemu nyingine za pwani yetu yakapauka na mengi kufa. Anayepandikiza matumbawe upya hana budi kuangalia joto la maji kabla ya kuchagua mahali. Mfugaji wa sato ana sababu ileile.

Ushauri wetu ni huu. Nunua kipimajoto kabla ya vifaranga. Bei yake ni ndogo kuliko ya mfuko wa chakula cha samaki. Kifunge kwa kamba, kizamishe nusu mita, upime saa 12 asubuhi na saa 9 alasiri. Fanya hivyo kwa wiki kadhaa, na miezi ya baridi isikosekane. Wastani ukiwa nyuzi 22 au 23, usipange kuvuna kwa miezi sita. Panga tisa au zaidi, na marejesho ya mkopo yafuate hesabu hiyo. Ukiwa chini ya 20, tafuta eneo jingine la bonde kabla hujapoteza fedha.

Lipo pia la kufanya ili maji yapate joto. Usiache maji yapite bwawani muda wote. Ziba mfereji na uongeze tu yale yaliyopungua. Punguza miti inayoweka kivuli juu ya bwawa. Lisha kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, maji yakiwa yamepata jua, na siku za baridi punguza chakula, kwani kisicholiwa huoza na kuchafua maji. Vifaranga vikifika kutoka kando ya ziwa, acha mfuko uelee bwawani dakika 15 hadi 30 kabla ya kuufungua, visishtuke kwa baridi.

Kwa wafanyabiashara wadogo, hasa wenye vibanda vya chakula, tunasema: kabla ya kumpa mfugaji malipo ya awali kwa ajili ya samaki wa Krismasi, muulize joto la bwawa lake.

Tunaitaka Halmashauri ya Wilaya ya Kyerwa ihakikishe kila ofisa ugani anayeshauri juu ya mabwawa ana kipimajoto mfukoni, na kwamba hakuna kikundi kinachopewa mkopo wa kufuga samaki bila vipimo vya maji kuambatanishwa na maombi. Mkulima wa kahawa hapandi mche bila kuutazama udongo. Na anayefuga samaki ayajue kwanza maji yake.